Nyuma ya Lipu

Mshairi akikosea mizani hana pa kujificha. Mshororo wa tarbia unadai mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao, na ikipungua moja tu, hata bibi asiyejua kusoma, aliyeketi nyuma ya pazia akisikiliza, huinua uso. Kosa la shairi hutoka pamoja na sauti. Kosa la mwashi huingia ukutani, likapigwa lipu, likapakwa chokaa nyeupe, na siku ya kuhamia likasifiwa na wageni.

Waarabu wa karne ya 8, walipotaka kuvipa majina viungo vya shairi, waliazima kwa watu wa hema na nyumba. Bayt ni makazi, nasi tumeichukua kuwa beti. Nusu ya mstari wakaiita misraa, yaani upande mmoja wa mlango wa pande mbili, kama ule wa Unguja au Lamu unaokutana na mwenziwe kwenye mfaa. Silabi zilizokaza wakaziita kigingi, zilizolegea wakaziita kamba. Watunzi waliazima majina, hawakuazima kishawishi. Aliyebaki na kishawishi ni mwashi, na pamoja nacho alibaki na swali la kale kuliko saruji: kazi isiyoonekana, anadaiwa na nani? Ni mwenye nyumba aliyelipa, ni serikali iliyotoa kibali, au ni mtu asiyejulikana, pengine hajazaliwa, atakayelala chini ya dari ile miaka 80 baadaye?

Mkandarasi wa mji mdogo si yule achorwaye magazetini amevaa kofia ngumu akiukagua mnara wa ghorofa 20. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi ya Kenya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, huwapanga wakandarasi katika ngazi nane, na huyu, ikiwa amesajiliwa, yumo katika ngazi ya mwisho. Alianza akiwa mtu wa mkono, akibeba karai. Akapanda akashika mwiko. Akafika mahali akawa ndiye anayepatana bei na kuwalipa wenziwe. Ofisi yake ni daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Katika mji kama Lamu, kila kitu anachokijenga kimekwisha kusafiri kabla ya kuwa ukuta. Mawe yanachongwa Maweni, kisiwani Manda, yakavushwa kwa mashua. Saruji inatoka bara hadi gati la Mokowe, ikapakiwa tena chomboni. Kisha punda wanapokea, kwa kuwa vichochoro vya mji havina nafasi ya gari. Mfuko mmoja wa kilo 50 umebebwa na mabega mengi kabla ya kufunguliwa, na kila bega limelipwa. Ndiyo maana hasara ya mfuko mmoja, kwake, si hesabu ya karatasini.

Jambo jingine linalomtenga na wenziwe wa mji mkubwa ni kwamba yeye hukutana na kazi zake kila siku. Mkandarasi wa jijini hujenga, akalipwa, akahama mtaa. Huyu huswali safu moja na mpangaji wa nyumba aliyoijenga. Hununua samaki kwa mtu ambaye sakafu yake imepasuka. Hukaa barazani akasikia mvua ilivyopenya kwa fulani. Husemwa kwamba haya hii ndiyo sheria ya mji mdogo, na kwamba inatosha. Haitoshi. Haya hufuata jicho. Humzuia mtu kujenga ukuta uliopinda, kwa sababu kila apitaye atauona; haimzuii kujenga ukuta ulionyooka kwa mchanga wa pwani usiooshwa. Chumvi iliyomo katika mchanga ule huifikia nondo ndani ya zege, nondo hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa. Basi zege hupasuka kutoka ndani, kimya kimya, miaka baada ya mkandarasi kupewa mkono wa shukrani. Na mchanga ulio karibu na mzuri kwa macho, wa vilima vya Shela, ndio unaochuja na kuhifadhi maji matamu ya mji. Kuuchota ni kujenga nyumba kwa kisima cha jirani.

Vishawishi vingine ni vya hesabu ndogo. Mfuko mmoja wa saruji huzaa matofali 30 na kidogo kwa mtu anayemwogopa Mola wake. Ukikazwa huzaa 50 na zaidi, na matofali yote hayo, yakikauka, yana rangi moja. Zege likizidishwa maji huwa jepesi kumwaga, watu wa mkono hulipenda, na hupoteza nguvu ambayo hairudi. Siku 28 ndiyo muda ambao wahandisi huupa zege kabla ya kulipima. Siku ya saba mwenye nyumba huwa amekwisha kuuliza mbona mbao hazijaondolewa.

Wazee waliojenga kwa chokaa hawakuwa watakatifu kuliko hawa. Walikuwa na mali isiyokubali haraka. Jiwe la matumbawe, likichomwa tanurini kwa moto wa nyuzi 900 hivi, hutoa hewa iliyokuwa imefungwa ndani yake. Likizimwa kwa maji hulainika kama uji. Na likiwekwa ukutani hujivutia tena kutoka angani hewa ileile lililoipoteza motoni, kidogo kidogo, mpaka likawa jiwe kwa mara ya pili. Katika ukuta mnene kazi hiyo huchukua miezi, ndani kabisa hata miaka. Kwa hiyo nyumba za mawe za Lamu, ambazo nyingi ni za karne ya 18, hazikuinuka kwa msimu mmoja. Palijengwa chini, pakaachwa. Binti alipofika umri wa kuolewa pakaongezwa juu. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, si na matamanio ya mwenye nyumba, na ndiyo sababu msana wa tini na msana wa yuu, hata ndani penyewe, ni virefu na vyembamba vyote. Palikuwapo udanganyifu, hapana shaka, lakini mdanganyifu alilazimika kungoja muda mrefu kiasi kwamba ukuta ulipata fursa ya kumwumbua kabla hajaondoka.

Saruji ilikuja na zawadi ya kasi. Ni kitu kizuri mahali pake. Kuilaumu saruji ni sawa na kuulaumu wino kwa barua ya uzushi. Ila ikipigwa juu ya ukuta wa matumbawe na chokaa, ambao umezoea kunyonya unyevu na kuutoa, hufunga vinyweleo, unyevu ukabaki ndani pamoja na chumvi, na ukuta ukaoza nyuma ya uso laini. Wapo wenye nyumba wanaoipiga kwa nia njema kabisa, wakiwa wameona ufa na kukumbuka methali.

Methali ile, usipoziba ufa utajenga ukuta, kwa heshima zake zote, inaelekea ilitungwa na mwenye nyumba na si fundi. Fundi anajua kwamba ufa ni ulimi wa ukuta. Ulioanza pembeni mwa dirisha ukashuka mshazari unasema habari ya msingi. Uliolala sambamba na dari unasema habari ya boriti. Ule wa nyuzinyuzi, mwembamba kama mstari wa kiganja, husema tu kwamba lipu lilikauka upesi juani. Kuuziba kabla ya kuuliza umetoka wapi ni kuuziba mdomo. Mkandarasi mwangalifu huingiza sarafu katika ufa, juu na chini, aone wapi inapita na wapi inakwama, kabla ya kugusa mwiko.

Ujuzi huu wa kusoma kuta haukuwa wa faragha zamani. Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, anaeleza jinsi mahakimu walivyowategemea mafundi wa ujenzi katika magomvi ya majirani juu ya ukuta, njia ya maji, au jengo lililoinama likihofiwa kuanguka. Jicho la mwashi lilikuwa ushahidi. Alionalo halikuwa siri kati yake na tajiri wake tu.

Na sheria, kila zilipojaribu kumbana mjenzi, zilihangaika na kipimo cha muda na cha adhabu. Jiwe la Hammurabi, lililochimbuliwa Susa mwaka 1901 na ambalo leo limo katika jumba la Louvre, Paris, linaamuru katika kifungu cha 229 kwamba nyumba ikianguka ikamwua mwenyewe, mjenzi auawe. Na cha 230, kwamba ikimwua mtoto wa mwenye nyumba, mtoto wa mjenzi auawe. Watu husimulia ukatili huo wakaishia hapo. Kifungu chenye hekima ni cha 233, ambacho hakuna anayekisimulia: ukuta ukionyesha kuyumba, mjenzi auimarishe kwa fedha yake mwenyewe. Hapo hakuna maiti bado. Sheria imeuliza habari ya ufa. Wafaransa, mwaka 1804, waliweka miaka 10 ya dhamana. Mikataba midogo ya siku hizi mara nyingi humfunga mkandarasi kwa miezi sita, kipindi ambacho kuta mbaya kabisa huwa bado zinapendeza.

Matokeo yanajulikana kwa tarehe. Machi 29, 2013, jengo lililokuwa likijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Aprili 29, 2016, baada ya mvua kubwa, nyumba ya kupanga ya Huruma, Nairobi, iliua watu wapatao 50. Novemba 16, 2024, ilikuwa Kariakoo, na zaidi ya watu 20. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883, ilianguka sehemu yake Desemba 25, 2020 ikiwa katika kukarabatiwa, na mafundi wawili wakafa. Visa hivi havifanani na sababu zake si moja. Kinachofanana ni kwamba wengi wa waliofunikwa hawakuwahi kuuona mkataba wowote.

Hapo ndipo swali linapopata makali yake, na halipati makali kwa mwizi. Mkandarasi anayeiba saruji anajulikana ni nani. Hahitaji falsafa, anahitaji mahakama. Mfano na uwe mwingine, ambao mafundi wengi wa visiwani watautambua.

Nyumba ya ghorofa moja ya mawe, ya zamani, yenye wikio linaloiunganisha na ya jirani juu ya kichochoro. Chini yupo mpangaji na watoto. Mwenye nyumba anafanya kazi Ghuba, amerudi kwa likizo, na binti yake ataolewa baada ya miezi minne. Kwa ada za mji, binti hatolewi nje ya nyumba ya mamake akiwa hana pa kulala, atajengewa juu. Fedha ipo, imekusanywa kwa miaka 11 ya kulala vyumba vya watu sita. Mkandarasi anaitwa, anatazama, anaona ufa wa mshazari kwenye ukuta wa kichochoroni, uliozibwa kwa saruji na kufunguka tena. Sarafu inaingia juu, chini haiingii. Anaomba achimbe kidogo mguuni mwa ukuta. Anakuta shimo la choo la jirani limekuwa likivuja na kuuchukua mchanga chini ya msingi.

Ushauri wake ni mfupi: kwanza shimo lizibwe, msingi uongezwe kwa vipande, ukuta uachwe upite masika moja, upimwe, ndipo pajengwe juu kwa mali nyepesi. Fedha inatosha msingi au inatosha ghorofa. Haitoshi vyote viwili, wala miezi minne haina masika ya ziada.

“Fundi,” mwenye nyumba anasema, “msingi hapana atakayeuona. Na mwanangu ataolewa mara moja.” Kisha, kwa kuwa ni mtu mwungwana, anaongeza: “Nitakuandikia karatasi. Likitokea lolote, lawama ni yangu, wewe huna dhambi.”

Karatasi ile haikuwa hila. Ilikuwa ukarimu. Na katika biashara nyingi ingetosha: nguo yenye kasoro, muuzaji akiitaja na mnunuzi akaridhia, imeuzwa kwa haki na hakuna wa kulalamika. Ridhaa huisafisha biashara kwa sababu anayeridhia ndiye atakayevaa. Nyumba haivaliwi na mmoja. Mpangaji wa chini hakuulizwa. Jirani ambaye wikio limeegemea ukuta wake hakuulizwa, ingawa shimo lilikuwa lake. Watoto wapitao kichochoroni wakienda chuoni asubuhi hawana habari kwamba kuna mtu amejitolea kubeba lawama kwa niaba yao. Na lawama hubebeka. Watu hubeba lawama mpaka kaburini. Dari haibebwi kwa karatasi.

Mkandarasi aliuliza jambo moja tu: “Bwana, na bibi harusi atatia saini?” Baba hakujibu. Ni swali lililomwumiza, na pengine halikuwa la adabu kuulizwa mbele ya mamake binti, lakini lilikuwa ndilo. Zawadi ilikuwa ya binti. Ufa ulikuwa wa binti vilevile, na katika vyote viwili hakuna aliyemwonyesha zaidi ya kimoja.

Hoja ya pili ni ngumu kuliko ya karatasi, na haina mwenyewe, huja usiku. Asipojenga yeye atajenga mwingine, tena vibaya zaidi. Si kisingizio cha watu dhaifu tu. Tabibu hamwachi mgonjwa kwa sababu mgonjwa anavuta sigara. Mkandarasi huyu akiwapo, angalau zege halitazidishwa maji, angalau paa litakuwa la mabati na mbao na si slabu, angalau kutakuwa na jicho. Katika kazi nyingi za mji mdogo hoja hii ni ya kweli, na fundi akatae kila nyumba isiyo kamili atakufa njaa na nyumba zitabaki vilevile. Uzito wake unategemea jambo moja: je, kuwapo kwake kunabadili kitu, au wanachonunua ni jina lake? Hapa msingi usingeguswa. Kilichokuwa kikitafutwa, bila ya mwenye nyumba mwenyewe kukijua, ni watu wa mji waseme kwamba kazi ile ni ya fulani, basi hapana wasiwasi. Jina la mtu mwaminifu lingepigwa juu ya ufa ule kama lipu. Lingekuwa lipu bora kuliko la saruji, maana wala sarafu isingeingia.

Akakataa. Yanayofuata baada ya kukataa hayasimuliwi sana katika hadithi za waadilifu. Watu tisa waliokuwa wakimtegemea msimu ule walikosa kazi ya miezi mitatu. Mmoja aliuza punda wake. Mwingine alivuka Mokowe akaenda kutafuta vibarua bara, hakurudi mpaka Ramadhani. Hawa nao hawakuulizwa. Fundi aliyekataa karatasi kwa hoja kwamba huwezi kutia saini kwa niaba ya wasiokuwapo, alikuwa ametia saini yake kwa niaba ya watu tisa wasiokuwapo. Ni kweli kwamba kukosa ujira na kufunikwa na ukuta si mambo ya mizani moja. Lakini aliyeuza punda wake hawezi kufarijiwa kwa mizani hiyo, na mkandarasi, akimkuta njiani, hujua kwamba salamu zake zinajibiwa kwa ufupi. Alimrudisha kazini alipopata kazi. Punda hakurudi.

Ghorofa ilijengwa na mwingine. Harusi ilifanyika kwa wakati wake, ngoma zikachezwa, zidaka za chumba kipya zikapangwa sahani za kigeni kama inavyopasa. Na nyumba imesimama. Masika yamepita mara nne na haijaanguka. Barazani wapo wanaomwita mkandarasi mwoga wa ghorofa, kwa mzaha, na mzaha wa baraza una tarehe ndefu kuliko mkataba. Hawezi kuwajibu. Jibu pekee ambalo lingewanyamazisha ni lile asilolitaka, na kila mvua kubwa ya usiku anaomba, kwa moyo wake wote, abaki kuwa ndiye aliyekosea.

Mwaka ule wa kwanza alimwendea mamake binti, mume akiwa ameshasafiri, akaomba ruhusa ya jambo dogo. Akapaka kipande cha jasi juu ya ufa, upana wa viganja viwili, akakwaruza tarehe kwa msumari. Jasi haina uvumilivu. Ukuta ukisogea unene wa unywele, hukatika. Kipande cha kwanza kilikatika baada ya masika. Alimwonyesha mama yule, na safari ile jirani alikubali kuliziba shimo lake, gharama ikagawanywa na nyumba mbili. Kipande cha pili kina tarehe ya mwezi uliofuata. Hupita kichochoroni akitoka swala ya alfajiri, kabla watoto hawajaanza kwenda chuoni, akasimama, akakipapasa kwa kidole.